Asili ya neno "okei"

Swali: Mhariri, hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, mchuuzi wa dagaa na mteja wakishapatana bei husema "okei". Neno hili lilitoka wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, lilianza kama mzaha wa magazeti ya Boston, Marekani, ambako waandishi walipenda kufupisha maneno yaliyokosewa tahajia kwa makusudi. Herufi O.K., zilizochapwa tarehe 23 Machi 1839, zilisimama badala ya "oll korrect", tahajia ya mzaha ya Kiingereza "all correct", yaani yote ni sahihi. Vifupisho vingi vya aina hiyo vilikufa upesi. Hiki kiliokolewa na siasa, kwani mwaka 1840 wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa mji wa Kinderhook, New York, walimnadi kwa jina la "Old Kinderhook", lenye herufi zizo hizo, ingawa mgombea mwenyewe alibwagwa.