Ukitaka kumpa jina isopodi mpya, wajue kwanza ndugu zake

Mwanafunzi akiniletea kichupa cha spiriti na kuniuliza kama mnyama aliyemo ni spishi mpya, nami humuuliza: umeshamlinganisha na nani? Wengi hunyamaza. Wameshapiga picha, wengine wameshachagua hata jina, lakini ndugu wa mnyama yule hawajawatazama. Kwa uzoefu wangu kazi yote iko hapo. Huwezi kuona upya wa mnyama kwa kumtazama yeye peke yake.

Isopodi ni jamaa wa kaa na kamba. Wengi wana jozi saba za miguu ya kutembelea, na wale wa baharini huogelea na kupumua kwa vibamba vilivyo chini ya mkia. Ninaowashughulikia mimi, wa kwenye miamba ya matumbawe, wengi hawazidi punje ya mchele. Spishi zaidi ya 10,000 za isopodi zimeshapewa majina, za baharini, za maji baridi na za nchi kavu, na bado wapo wengi wasio na jina.

Mwaka 1890 Mdenmark H. J. Hansen alieleza spishi aliyoiita Cirolana parva. Kwa miaka mingi baada yake, watu waliopata isopodi mdogo wa jenasi ya Cirolana (jenasi ni kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu) kwenye bahari za joto, iwe Atlantiki, Hindi au Pasifiki, walimwandika kwa jina hilohilo, ikaonekana kana kwamba mnyama mmoja ameenea dunia nzima. Walipotazamwa upya, mguu kwa mguu, ikabainika kuwa ni kundi zima la spishi zinazofanana. Mmoja wao ni wa kwetu, kutoka kisiwa cha Bawe, ng'ambo kidogo tu ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Niel Bruce, mtaalamu wa isopodi, alimweleza mwaka 2004 akamwita Cirolana mercuryi, kwa heshima ya Freddie Mercury, mwanamuziki aliyezaliwa Zanzibar. Natamani kila mtoto wa Unguja anayevuka kwenda Bawe aambiwe habari za mnyama huyo.

Sasa tuingie kazini. Kibali kwanza: Tanzania Bara utaanzia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Zanzibar ina utaratibu wake. Kisha subiri bamvua, maji yakupwe sana. Chukua vipande vya matumbawe yaliyokufa, vyenye matundu na vilivyoota mwani. Yaliyo hai yaache yalipo. Viweke kwenye ndoo ya maji ya bahari, tia fomalini (dawa ya kuhifadhia maiti) au spiriti kidogo, ngoja. Wanyama wataanza kutoka kwenye matundu wenyewe. Vitikise vipande hivyo, kisha mimina maji kwenye chujio lenye matundu ya nusu milimita. Maji yenye fomalini usiyamwage ufukweni, na usiitumie kabisa ikiwa unataka DNA, kwa kuwa huiharibu.

Gawa ulichopata. Baadhi watie kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA, na wengine kwenye ya asilimia 70 au 80, kwa sababu ile kali huwakausha na miguu huvunjika ukiigusa tu. Lebo iandikwe kwa penseli, kwenye karatasi ngumu, ikae ndani ya kichupa: mahali, kina, tarehe, aliyekusanya, na mnyama alikuwa kwenye nini. Lebo ya nje hufutika kwa spiriti.

Ukifika kwenye hadubini, tafuta dume aliyekomaa. Kwenye jozi ya pili ya vile vibamba vya chini ya mkia, dume wa Cirolana ana kijiti chembamba, na umbo la ncha yake mara nyingi ndilo linalotenganisha spishi mbili ambazo kwa juu huwezi kuzitofautisha. Jike mwenye mayai utamjua kwa mfuko ulio chini ya kifua, ambamo watoto hukulia. Ukikuta wenye jozi sita tu za miguu, usishangilie. Watoto wa isopodi hutoka kwenye mfuko wa mama jozi ya saba ikiwa bado haijaota, kwa hiyo huyo ni mtoto, na mtoto hafai kusimamisha spishi.

Hatua ya kupasua na kuchora ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nayo ndiyo watu huiruka. Mlaze mnyama kwenye gliserini, ndani ya slaidi yenye kishimo. Chukua pini mbili za wadudu zilizo nyembamba kuliko zote, zishikize kwenye vijiti. Kwa pini moja mshikilie, kwa nyingine ng'oa mguu pale unapoungana na mwili. Ng'oa wa upande mmoja tu, ule wa pili ubaki mzima, ili atakayekuja baada yako naye apate cha kutazama. Nenda kwa mpangilio, mguu wa kwanza hadi wa saba, kila mmoja kwenye slaidi yake yenye namba. Viungo vya mdomo viache mwishoni; taya la mnyama wa milimita nne halifiki hata milimita moja, na ukipumua kwa nguvu unaweza usilione tena. Anayepasuliwa awe mmoja wa wale wa akiba. Yule uliyemchagua awe kielelezo kikuu cha spishi, yaani holotaipu, asiguswe ila kwa lazima.

Kisha chora. Hadubini ya maabara huweza kufungwa kifaa chenye kioo kinachokuwezesha kuona mnyama na karatasi yako kwa pamoja, ukafuata mstari kwa penseli. Mchoro huo unaweza kuuskani na kuupitia upya kwenye kompyuta. Picha ya kamera ni nzuri, lakini haichagui: huonyesha kivuli, uchafu na unywele kwa uzito uleule. Anayechora hulazimika kuamua kila mwiba unaanzia wapi na uko upande gani, na hapo ndipo anapoanza kumfahamu mnyama. Hesabu miiba ya ukingo wa mkia. Tazama kibamba kilicho kati ya vipapasio, upande wa chini wa kichwa, kama ni chembamba au kimepanuka. Rudia kwa mnyama wa pili na wa tatu, maana miiba hupungua na kuongezeka hata ndani ya spishi moja.

Ukiwa na michoro hiyo, rudi kwa ndugu. Orodha ya majina utaipata bure kwenye WoRMS, orodha ya viumbe wa baharini iliyo mtandaoni, na maandiko mengi ya zamani yamo bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library. Soma maelezo ya kila spishi ya jenasi ya mnyama wako iliyowahi kutajwa Bahari ya Hindi, kisha ya kwingineko. Michoro ya karne ya 19 mara nyingi huacha mambo mengi. Pakitokea shaka, iandikie makumbusho inayotunza kielelezo chenyewe. DNA husaidia sana, ingawa vianzio (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) vya kawaida vya COI, jeni inayotumika sana kutambulisha wanyama, mara nyingine hukataa kwa isopodi. Hata ikikubali, bado utatakiwa kusema kwa maneno mnyama wako anatofautianaje na wenzake. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka hivyo.

Jina lenyewe halina shida kubwa. Mtaalamu wa wanyama William Leach mwaka 1818 alipangua herufi za Caroline na Carolina akapata Cirolana, Nerocila na Conilera, na mwaka 2012 isopodi wa Karibi anayefyonza damu ya samaki akaitwa Gnathia marleyi, kwa ajili ya Bob Marley. Ukimuenzi mwanamume, jina hupata -i mwishoni, mwanamke, -ae. Jina lako mwenyewe usilitumie.

Kuchapisha si lazima kukumalizie fedha. Jarida la Zootaxa, kwa mfano, halidai ada kwa makala isiyo ya kusomwa bure. Makala ikitoka kwa mtandao peke yake, isajiliwe kabla kwenye ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama. Tangu mwaka 2000 unatakiwa pia kutaja waziwazi vielelezo vyako na makumbusho vitakakotunzwa, na hapa nina msimamo. Holotaipu ikienda nje kwa sababu kule kuna uangalizi wa uhakika, sawa. Lakini parataipu kadhaa, yaani vielelezo vingine ulivyovitaja pamoja na holotaipu, zibaki nchini, ili mwanafunzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar asihitaji viza ili kumwona mnyama wa pwani yake. Kabla ya kuzikabidhi, uliza ni nani hasa atakayeongeza spiriti kwenye vichupa kila inapopungua, na uandike jina lake kwenye hati ya makabidhiano.