Nimefuta picha za mwanangu kwa bahati mbaya, zinarudi au ndo basi?

SWALI: Habari za kazi fundi. Simu ilikuwa inaniambia nafasi imejaa nikaanza kufuta vitu, katika kufutafuta nimefuta na folda nzima ya picha za mwanangu tangu azaliwe, saa hizi ana miaka minne. Nyingine zilikuwa kwenye simu yenyewe nyingine kwenye memori kadi. Simu ni Android. Nimeona app inasema inarudisha picha zote hata za miaka ya nyuma, niiweke? Na kuna mtu kaniambia niiruti simu ndo zitapatikana. Naomba msaada fundi, usingizi sina.

JIBU: Salama dada, pole sana. Nakujibu haraka haraka kwa sababu kwenye hili jambo kuchelewa ndo kunakoharibu. Kabla hujaendelea kusoma toa hiyo memori kadi kwenye simu uiweke pembeni, na kwenye simu yenyewe zima data na waifai, usipige picha, usirekodi kitu, usiweke app yoyote hata hiyo uliyoiona. Ukishafanya hivo rudi hapa tuendelee.

Sababu ni hii. Ukifuta picha kwenye memori kadi, picha yenyewe haifutwi pale pale. Kinachofutwa ni ile taarifa inayosema faili fulani liko sehemu fulani, yaani ni kama kitabu kilichochanwa ukurasa wa yaliyomo, sura zote bado zimo ila huoni tena ziko wapi. Kadi inaanza kuhesabu ile sehemu kuwa iko wazi, na siku simu ikitaka kuandika kitu kipya inaweza kuandika juu yake, iwe ni video uliyotumiwa kwenye grupu ikajidaunlodi yenyewe usiku umelala, au app unayoiweka ukitegemea ikuokoe. Kilichoandikwa juu yake hakirudi, hakuna fundi wala programu ya kukirudisha. Kwaiyo watu wengi wanapoteza picha sio pale walipofuta, wanazipoteza kwenye zile siku mbili tatu za kuhangaika baada ya kufuta.

Sasa anza na sehemu rahisi ambayo watu wanairuka kwa sababu ya presha. Fungua galari ya simu utafute sehemu inaitwa Tupio, kwenye simu zilizo kwa Kiingereza utaona Trash, Bin au Recycle bin. Fungua na Google Photos uangalie tupio lake, maana hayo ni mapipa mawili tofauti na picha inaweza kuwa kwenye moja isiwe kwenye lingine. Google Photos inakaa na picha iliyofutwa siku 60 kama ilikuwa imeshapanda mtandaoni, kama haikupanda ni siku 30, na galari nyingi za simu nazo zinakaa nayo siku 30. Ukizikuta zichague zote bonyeza rejesha, zinarudi palepale zilipokuwa.

Halafu kuna hili, naliona mara nyingi sana: mtu ana akaunti mbili au tatu za Gmail kwenye simu moja na hajui ni ipi ilikuwa inapandisha picha. Kaa kwenye kompyuta yoyote fungua photos.google.com, ingia na kila akaunti uliyowahi kuitumia, hata ile ya simu ya zamani. Kama ulifutia kwenye file manager, ile app ya kuangalia mafaili ya simu, na sio ndani ya Google Photos, nakala zilizokuwa zimeshapanda huko juu hazijaguswa, ziko tu zimetulia zinakusubiri. Nimewaona watu wamelia wiki nzima na picha ziko kwenye akaunti waliyofungua wakati wananunua simu ya kwanza.

Kuna na pipa lingine ambalo halionekani kwa macho. Kuanzia Android 11 simu ina tupio lake la ndani, na app nyingi za galari zinalitumia, picha ikitupwa humo inabaki kwenye folda ileile ila inabadilishwa jina na kufichwa. Kwenye file manager yako washa kuonyesha mafaili yaliyofichwa, ingia kwenye DCIM kisha Camera, angalia kama kuna mafaili yanaanza na nukta hivi: .trashed-1767200000-IMG_20220314_101522.jpg. Ile namba ndefu ya katikati ni muda ambao simu imepanga kulifuta moja kwa moja, kwaiyo ukiyaona usisubiri kesho. Badilisha jina, toa kila kitu mpaka ubaki na IMG_20220314_101522.jpg, picha inarudi kwenye galari ikiwa nzima kabisa.

Baada ya hapo angalia WhatsApp. Picha za mtoto hakuna mama anayekaa nazo peke yake, lazima ulimtumia bibi yake, shangazi, baba yake, na uliweka status. Ulizotuma zina folda yake, ingia Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Images, humo ndani kuna folda inaitwa Sent. Hiyo folda wengi hawaijui na kwa kuwa hawaijui hawajawahi kuifuta, unaweza ukakuta picha za miaka yote humo. Na waombe ndugu warudishe walizonazo, ila waambie wakutumie kama dokyumenti sio kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp inaibana picha kila inapotumwa na hizo zilishabanwa mara moja zilipotoka kwako.

Sasa tuje kwenye memori kadi, hapa ndo nina matumaini makubwa kwa upande wako. Utahitaji kompyuta na kifaa cha kusomea kadi. Usiunganishe simu kwa waya huku kadi ikiwa ndani, kwa sababu simu ikiunganishwa hivo inaionyesha kompyuta orodha ya mafaili yaliyopo tu, haiipi ruhusa ya kuisoma kadi yenyewe mpaka chini, na tunachokitafuta sisi hakipo kwenye orodha. Kama una ile adapta ya kuingizia kadi ndogo kwenye tundu la kadi kubwa, ubavuni ina kitufe kidogo cha kusukuma kimeandikwa Lock, kisukume upande huo wa Lock kabla hujaichomeka. Hapo kompyuta itaisoma kadi lakini haitaandika kitu juu yake. Kitu kidogo hivo lakini mimi siichomeki kadi ya mtu bila hicho.

Kompyuta ikikuambia kadi inahitaji kufomatiwa kataa, funga hicho kidirisha. Ikikuambia ina hitilafu inataka kuirekebisha, kataa pia, kule kurekebisha kunaandika vitu kwenye kadi na kunaweza kukata mafaili vipande vipande.

Programu ninayokushauri ni PhotoRec, ni ya bure kabisa, iko kwa Windows, Mac na Linux, inakuja pamoja na programu mwenzake inayoitwa TestDisk kwenye tovuti ya cgsecurity.org. Ndani ya folda utakayopakua kwa Windows kuna moja inaitwa QPhotoRec, fungua hiyo maana ina madirisha na vitufe vya kubonyeza, ile nyingine ni maandishi meupe kwenye skrini nyeusi inatisha watu bure. Chagua kadi yako kwa kuangalia ukubwa, na kadi ya GB 32 itaonyeshwa kama 29 na ushee, hiyo ni kawaida isikutie wasiwasi, ila hakikisha hujachagua diski ya kompyuta. Chagua sehemu iliyoandikwa FAT, weka Free ili itafute kwenye nafasi zilizo wazi tu, kisha kwenye aina za mafaili ondoa zote ubakize jpg, na kama ulikuwa na video ongeza mov ambayo inachukua na mp4. Mwisho inauliza wapi iweke inachokipata, hapo weka folda ya kwenye kompyuta. Tafadhali sana isiwe kwenye kadi ileile, ukifanya hivo unakuwa unazika picha ambazo ulikuwa unazifukua.

Inavyofanya kazi ni kwamba kila picha ya JPEG, iwe imepigwa na simu gani, inaanza na alama zilezile, kwa lugha ya kompyuta ni FF D8 FF. PhotoRec haijali majina wala folda, inapita kadi nzima kipande kwa kipande ikikutana na hizo alama inajua hapa kuna picha inaichomoa. Ndo maana picha zitakuja zimechanganyika kwenye folda zinaitwa recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, na majina yake ni f ikifuatiwa na manamba tu. Zinazoanza na t ni vipicha vidogo vilivyokuwa ndani ya picha kubwa, hizo panga kwa ukubwa uziweke pembeni. Tarehe ya picha usiwe na wasiwasi nayo, imeandikwa ndani ya picha yenyewe, kwenye Windows bonyeza kitufe cha kulia, Properties, kisha Details utaiona siku picha ilipopigwa, kwaiyo unaweza kuzipanga upya tangu siku ya kuzaliwa.

Utakutana na nyingine nusu iko sawa nusu ni kijivu. Hiyo maana yake kipande cha picha kimeshaandikiwa kitu kingine juu, au picha ilikuwa imekaa vipande vipande sehemu tofauti za kadi. Usiitupe, nusu yenye sura ya mtoto ni bora kuliko kukosa kabisa.

Kitu kimoja kinaweza kukwamisha hili zoezi lote. Kama siku ya kwanza ulipoiweka kadi ulichagua itumike kama sehemu ya simu badala ya kadi ya kuhamahama, kitu ambacho kilianza na Android 6, basi ile kadi imefungwa kwa enkripsheni, yaani data zake zimegeuzwa kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, na ufunguo wake uko ndani ya simu hiyo hiyo, kwenye kompyuta itaonekana kama haina kitu. Ikiwa hivo usiifomati, irudishe tu kwenye simu.

Picha zilizokuwa kwenye simu yenyewe ndo zenye ugumu, na sitaki nikudanganye dada. Kama hazipo kwenye mapipa niliyokutajia, hazipo mtandaoni na hakuna ndugu mwenye nazo, basi uwezekano wa kuzirudisha kwenye simu za sasa ni kama haupo. Kuna sababu mbili. Ya kwanza, mafaili ndani ya simu yanahifadhiwa yakiwa na enkripsheni, toka Android 10 simu zote mpya zinalazimika kuwa nayo, na faili likifutwa kile kinachohitajika kulifungulia kinaondoka nalo, kinachobaki ni fujo isiyosomeka. Ya pili, simu yenyewe kila baada ya muda inasafisha zile sehemu zilizo wazi ili iendelee kuandika kwa kasi.

Kwaiyo hiyo app inayosema inarudisha picha za miaka yote usiiweke. Nyingi ya hizo zinachofanya ni kukusanya vipicha vidogo ambavyo galari ilivitengeneza ili ikuonyeshe haraka, zinakuonyesha unafurahi unalipia, ukiifungua picha ni kadogo hakana hata ubora wa kuchapisha. Na umeshaipa ruhusa ya kusoma kila kitu kwenye simu yako. Kama siku ukiishiwa njia zote na ukakubali hata hivyo vidogo, unaweza kuvitafuta mwenyewe kwa file manager, mara nyingi viko kwenye folda iliyofichwa inaitwa .thumbnails ndani ya DCIM au Pictures.

Na huyo aliyekuambia uiruti, yaani uifungue simu upate mamlaka yote juu ya mfumo wake wa ndani, usimsikilize kabisa. Ili simu irutiwe kwa kawaida inabidi kwanza ifunguliwe bootloader, ile programu ya kuwashia simu inayozuia mfumo wake kubadilishwa, na kwa simu karibu zote kitendo hicho peke yake kinafuta kila kitu kilichomo, kwa makusudi, ili mwizi asiweze kusoma data zako. Ina maana unaingia kutafuta picha za mtoto unatoka umepoteza na meseji na namba za watu. Fundi akikuambia anaruti kisha anarudisha, chukua simu yako ondoka.

Kuhusu nafasi kujaa ambako ndo kulianzisha yote, sasa hivi usifute kitu chochote mpaka umalize hayo ya juu. Ukimaliza, anzia WhatsApp, ingia setingi, hifadhi na data, dhibiti hifadhi, itakupangia mafaili makubwa na video zilizosambazwa mara nyingi, hapo utashangaa ni GB ngapi zimekaliwa na vitu ambavyo hata hukuvifungua. Na ukishawasha bakapu ya Google Photos, tafadhali ukitaka kupunguza picha kwenye simu usizifute moja moja humo ndani, kwa sababu ukifutia humo inafuta na ya mtandaoni pia, watu wengi wanadhani ya juu inabaki. Tumia ile sehemu yake inayoitwa ongeza nafasi, hiyo inaondoa za kwenye simu zilizokwisha kupanda tu na za mtandaoni inaziacha.

Ukishapitisha PhotoRec niandikie umepata ngapi, na kama kadi ilionekana haina kitu niambie ukubwa wake na kompyuta ilikuonyesha ujumbe gani hasa, neno kwa neno. Kadi yenyewe iache hapo pembeni kwanza, usiirudishe kwenye simu mpaka uwe umezifungua picha zilizopatikana ukaziona kwa macho yako na ukaziweka sehemu mbili tofauti.