Mzee wa kuhesabu raundi

Swali lenu la wiki hii nimelisoma kwenye basi nikitoka zamu ya usiku: "Je, shabiki anayekwenda kutazama mazoezi anaijua timu kuliko yule anayesubiri mechi?" Lingekuwa swali tupu ningepita zangu, ila chini yake mkaweka na maneno ya msomaji mmoja kwamba kukaa kwenye uzio saa tatu asubuhi kuangalia wanaume wazima wanakimbizana ni kazi ya asiye na kazi. Hapo ndo mmenigusa. Mi kazi ninayo, napanga maboksi usiku kucha kwenye ghala moja huku magharibi ya Melbourne, Australia, natoka saa kumi na mbili mgongo unalia, na bado naenda. Kwa hiyo jibu langu la haraka ni ndiyo, tunaijua timu kuliko nyie wa kwenye makochi, tena kwa mbali.

Timu ninayosemea ni Western Bulldogs, wa mpira wa Kiaustralia, na mazoezi yao ni uwanja wa Whitten Oval, Footscray. Wengi wenu mnapita pale mkienda sokoni au kula injera Nicholson Street, mnaiona sanamu ya Ted Whitten, mchezaji wao wa zamani, nje na mnadhani ni mbunge wa zamani. Mechi kubwa za ligi zilihama pale tangu 1997, kilichobaki ni mazoezi, timu ya wanawake na timu ya pili, ila ukifika Januari unakuta watu kwenye uzio kama kuna harusi.

Mchezo wenyewe wanauita "footy", mi naita futi na watoto wangu wananicheka. Watu 18 kila upande, uwanja wa duara refu, mpira kama yai, nguzo nne, ukipitisha katikati ya zile mbili ndefu unapata 6, ukipitisha pembeni unapata 1, yani hata ukikosa unapewa kitu. Nilikaa nchi hii miaka miwili nikiona ni fujo tu. Mtu wa kiungo anaweza kukimbia kilomita 13 au 14 kwenye mechi moja, ndo maana maandalizi yao ya msimu ni marefu kupita kiasi, vijana wa miaka ya kwanza wanaanza Novemba, wakubwa wanawafuata, Krismasi wanapumzika, Januari wanarudi kuchomwa na jua mpaka mechi za kwanza mwezi wa tatu. Kuna jaribio la kilomita 2 ambalo wenye mapafu wanamaliza kwenye dakika 6 na kidogo. Mgongoni, chini ya shingo, kila mmoja ana kidude kidogo cha kupima kakimbia kiasi gani, huwezi kudanganya. Collingwood, timu nyingine ya ligi hii, wao waliwahi kuwa na utaratibu wa kupanda ndege hadi Flagstaff, Arizona, zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari, kutafuta hewa nyembamba. Jamaa yangu mmoja Mkenya akauliza kwa nini wasiende Iten, ni juu zaidi ya hapo, na ugali upo.

Sisi tuliokulia Dar tunajua habari ya mazoezi kufichwa. Simba na Yanga wakienda kambi Misri au Uturuki au Afrika Kusini unaambulia vipande vya video watu wanavuta kamba, na wiki ya dabi ndo kabisa, hata nzi hapiti getini manake kila mtu anaogopa kamati ya ufundi ya mwenzake, na mnajua ni ufundi gani nasema. Nilivyofika Whitten Oval mara ya kwanza nikakuta geti wazi nilidhani mlinzi amesahau.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Januari, miaka michache nyuma, walitangaza nyuzi 38 na ule upepo wa kaskazini ulishaanza mapema, unajua ule unaokuja kama mtu kafungua oveni usoni kwako. Nilikuwa nimetoka kazini, nyumbani watoto wako likizo, kelele, usingizi hakuna, nikaamua kuzunguka. Nikasikia ile sauti. Mpira wa futi ukipigwa vizuri unatoa mlio kama mtu anakung'uta zulia, pwaa, halafu kimya, halafu pwaa nyingine mbali. Nikaingia, nikakaa kwenye kivuli cha mti, bado nina buti za kazi zenye chuma na ile fulana ya kung'aa.

Pembeni yangu kulikuwa na mzee mmoja wa Kizungu, kofia pana, pua imepakwa dawa nyeupe ya jua, kidaftari, kalamu imefungwa kamba shingoni. Akaniita "mate", yani rafiki kwa Kiingereza, kama wanavyoitana wote huku, mi nikamwamkia kwa heshima zetu zote na kuanzia hapo kwangu akawa Mzee tu, nilimfundisha neno lenyewe na analipenda. Nikadhani anaandika nani anacheza vizuri, manake wako wengi wa hivyo, kila Januari utasikia fulani karudi amepungua kilo, fulani anapaa mwaka huu, na kufika mwezi wa sita huyo anayepaa yuko benchi. Nikawa natazama kundi kubwa katikati, wamevaa vizibao vya rangi mbili, kocha anapiga filimbi, wanarushiana kwa kupiga ngumi mpira, mana huruhusiwi kuurusha kama jiwe, lazima ngumi. Safi kweli. Mzee hakuwa anaangalia huko hata kidogo.

Mpira mmoja ukakosewa, ukaruka uzio, ukaja unadundadunda kama kuku aliyekatwa shingo mpaka miguuni kwangu. Ndugu zangu, mi nimecheza winga ya kushoto, ndondo zote za Temeke walikuwa wananijua. Nikasimama. Nikasema leo hawa wataona. Nikaukanyaga utulie, nikarudi hatua mbili, nikaupiga ukiwa chini vilevile kama kona ya Kariakoo Dabi. Ule mpira haukwenda mbele. Ulikwenda kulia, ukagonga pipa la taka, ukarudi nyuma yangu. Watu wote kwenye uzio wakacheka, kuna mtoto alicheka mpaka akakaa chini, na uwanjani nao nikaona mabega yanatikisika.

Kulikuwa na kijana mmoja peke yake anakimbia kuzunguka uwanja pembeni kabisa, yeye na mtu wa tiba amekaa mbali na saa mkononi. Simtaji jina. Goti lake la kushoto lina kovu refu, bado jekundu. Akapunguza, akaja kwenye uzio jasho linadondoka kama bomba bovu, akaniomba mpira nikamrushia. Hakucheka. Akanionyesha: unaushika umesimama, mikono miwili, unauelekeza unakotaka, unauachia udondoke hivyohivyo wima, usiutupe, halafu unaukuta chini na mguu, kwenye ncha. Akaudondosha mara mbili bila kupiga nione. Akanirudishia. Nikajaribu na buti zangu za chuma, ukavuka uzio, chini chini, mbovu, lakini ulizunguka kinyumenyume kama inavyotakiwa. Akanyanyua dole gumba, akaondoka kuendelea kukimbia. Mzee akapiga kelele namba: "Saba!" Kijana akapunga mkono bila kugeuka.

Ndo nikaelewa kidaftari. Mzee alikuwa anahesabu raundi zake. Kila siku. Akanieleza kwamba wenye majeraha ya goti la namna ile wanakaa nje mwaka mzima hivi, na ukiwa majeruhi hufanyi na wenzako, unazunguka peke yako, wenzako wako katikati wanacheka na wewe uko huku kwenye kona na mtu wa saa. Mzee akasema kwenye raundi ya tano hivi akili inaanza kukudanganya kwamba umeshafanya nane. Sasa mtu akikutajia namba huwezi kujidanganya, na pia unajua kuna mtu anaona. Siku ile kijana alifika 11. Nilikaa mpaka ya mwisho, nikaungua shingo mpaka mke wangu akaniuliza nimelala kwenye bati.

Tukiwa tunasubiri Mzee akanipa historia. 1989 wakubwa wa ligi walitaka kuiunganisha timu hii na Fitzroy, timu nyingine ya Melbourne, yani iishe, na watu wa mitaa hii, vibarua, wastaafu, watoto wa shule, wakapita nyumba kwa nyumba na mitaani kuchangisha mpaka wakaiokoa. Yeye alikuwa na kopo lake. Fitzroy wenyewe miaka saba baadaye wakaishia kuunganishwa na Brisbane. Na 2016 Bulldogs wakamaliza ligi nafasi ya 7, hakuna aliyewahesabia, wakachukua ubingwa kwa kuwafunga Sydney kwa tofauti ya pointi 22, kikombe cha kwanza tangu 1954. Nahodha wao Bob Murphy alikuwa kaumia goti mwanzoni mwa msimu, akaitazama fainali akiwa nje, na baada ya mechi kocha Luke Beveridge akamwita jukwaani akamvisha medali yake mwenyewe. Mzee anaisimulia hiyo akiangalia pembeni. Na upande wa Sydney alikosekana Aliir Aliir, goti pia, aliumia kwenye mechi ya mwisho kabla ya fainali. Huyo kazaliwa Kakuma, Wakenya mkitaka kudai fungu lenu daini, baadaye akaenda Port Adelaide akawa beki wa kuogopwa. Kwa hiyo fainali ile moja ilikuwa na magoti mawili ya watu nje, mi sikuwahi kuifikiria mechi kwa namna hiyo.

Sasa naandika hapa najiona kabisa nimeanza kwa kujigamba kwamba tunaijua timu. Ngoja niwe mkweli. Yule kijana alirudi kucheza timu ya pili, nilimwona mara moja, alicheza kawaida tu, na mwisho wa msimu akaachwa. Kila mwaka wanaachwa kadhaa, hiyo ndo ligi ilivyo. Sikuwa na dalili hata moja. Nilimhesabia raundi kumi na moja kwenye jua la nyuzi 38 na sikujua chochote kuhusu mkataba wake, na hata timu yenyewe, kila Januari naona watu wanakimbia vizuri, wote wanakimbia vizuri, timu zote 18 zina watu wanaokimbia vizuri, afu mwezi wa nne unafungwa na timu ambayo nayo ina wazee wake kwenye uzio wanaosema mwaka huu wanapaa. Aliyekaa kwenye kochi akaangalia mechi anajua zaidi yangu. Imeniuma kuandika hivyo ila basi.

Kwa hiyo jibu rasmi: hapana, hatuijui timu. Ingawa hapo niweke masharti. Kwanza, nasemea Januari, mazoezi ya Februari wakianza kucheza wao kwa wao unaweza kuona kitu, nani anaanza na nani. Pili, nasemea futi, kwenye soka labda ni tofauti, sijui kambi ya Ismailia kule Misri ingenionyesha nini. Tatu, yule msomaji wenu wa "asiye na kazi" bado sijamsamehe, manake kwenye uzio ule nimekutana na nesi anayetoka zamu kama mimi, dereva wa treni, na mama mmoja Mrundi anayeleta wajukuu likizo kwa sababu ni bure na kuna choo. Wote wana kazi. Kama swali lingekuwa tunaenda kufanya nini ningejibu vizuri zaidi, ila hamkuuliza hivyo.

Ukitaka kwenda, angalia kwanza siku ya mazoezi ya wazi kwa sababu kuna siku wanafunga, na kukiwa na joto sana wanaanza mapema. Vaa kofia. Mzee bado yupo, mti uleule, mwaka huu ana majeruhi wawili kwa hiyo ukurasa kaugawa mistari miwili, na akienda msalani kalamu ananiachia mimi.