Kabla Hujanunua Kura za Kupandisha Posti Yako

Steemit na Hive ni mitandao ambako posti inalipwa sarafu ya kidijitali kadiri inavyopigiwa kura. Mtu akikwambia ananunua kura huko na anapata faida, mwombe hesabu yote, asikuonyeshe tu kile kiasi kinachosomeka chini ya posti. Nimeandika huko tangu 2017, enzi roboti za kura (akaunti zinazojiendesha zenyewe na kuuza kura) zimechachamaa, na biashara hiyo naijua nje ndani.

Ilikuwa hivi. Unaitumia roboti hela pamoja na linki ya posti yako. Kila baada ya saa 2 na dakika 24, nguvu yake ikijaa, inagawa kura yake kwa wote waliolipa, kila mtu kwa kadiri alivyotoa. Akitokea mtu sekunde za mwisho na kitita, fungu lako linapungua hata kama ulilipa mapema.

Tuseme umelipa dola 10, ukapata kura ya dola 12. Unachekelea. Lakini robo ni ya wapiga kura. Wewe unabaki na 9. Nusu ya hizo 9 unalipwa kwa Steem Power, yaani sarafu ya Steem (mfumo unaoendesha Steemit) iliyofungwa, na kuitoa wakati ule ilichukua wiki 13, kidogo kidogo. Hapo bei ya sarafu inaweza kuporomoka, na bando linataka kulipiwa leo.

Agosti 2019 mgawo ukawa nusu kwa nusu, kwa hiyo kura ileile ya dola 12 inakuachia 6. Watu wakapewa pia kura za kushusha malipo ya posti, zisizowagharimu chochote, na hata hizo 6 zikawa si za uhakika. Hive ilipojitenga na Steem Machi 2020, iliondoka na utaratibu huohuo.

Hasara yako ni yako. Ila zawadi zote zinatoka mfuko mmoja. Mnakula sinia moja: ukivuta minofu kwa hela, wenzako wanabaki na ukoko. Niliwahi kuikuta picha ya dagaa walioanikwa Mwaloni, Kirumba, imeibwa kwa mtu, maelezo mstari mmoja, iko juu kabisa ya ukurasa. Maoni yote yalikuwa ya roboti zikimshukuru mteja. (Roboti ina adabu kuliko binadamu wengi.) Siku hiyohiyo mama mmoja alieleza namna ya kuwatambua dagaa wenye mchanga: wasugue kiganjani, kisha tazama kinachobaki. Alipata senti chache.

Mimi hela ya kura naiweka kwenye bando, nasoma posti za watu na kuacha maoni yenye maana. Ni polepole, sikatai, lakini wanaorudi ni wasomaji.

Ukiona bado unataka kujaribu huduma ya kura, angalia inakuomba ufunguo gani, yaani nywila ipi ya akaunti yako. Wa kuposti hauwezi kuhamisha hela. Wa kutolea hela usimpe mtu yeyote, hata mwenye grupu lenu la WhatsApp.