Iache katuni yako vipandevipande, iunganishe mwishoni kwa amri moja

Kama unatengeneza katuni na kila mara unafungua programu nzito ya kuhariri video ili tu kushikanisha vipande sita au saba, acha. Kazi hiyo ni ya programu iitwayo ffmpeg, na inamalizika kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwa mstari mmoja. Nasema hivi nikiwa Arua, Uganda, ambako katuni fupi ya kunawa mikono haiwezi kutoka kwa lugha moja tu. Mjini watu wanataka Kiswahili na Kilugbara, na ikienda kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, kule Yumbe, lazima iwe na Kiarabu cha Juba. Picha ni zilezile, sauti ni tatu, na kila lugha ina urefu wake. Ukiwa na laptopu ya kawaida na umeme wa kubahatisha, huwezi kurenda (kuiacha kompyuta izalishe picha kamili za) filamu nzima upya kila sauti inapobadilika.

ffmpeg ni programu ya bure, ilianzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. Kwenye kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu andika `sudo apt install ffmpeg`, basi. Haina madirisha wala vitufe, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Vumilia kidogo: amri unaziweka kwenye faili la maandishi, unazinakili kila unapozihitaji.

Kwanza orodhesha vipande vyako kwenye faili, tuseme orodha.txt, kila kimoja mstari wake:

```
file 'kipande_01.mp4'
file 'kipande_02.mp4'
file 'kipande_03.mp4'
```

Kisha:

```
ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy katuni.mp4
```

Nguvu yote iko kwenye `-c copy`. Maneno hayo yanaiambia ffmpeg isiibane video upya, ichukue data ilivyo na kuipanga mfululizo. Ni sawa na kupakua vyakula vilivyokwisha kuiva kwenye sinia moja. Moto hauhitajiki tena. Kwa hiyo kazi inaisha kwa sekunde chache hata kwenye mashine dhaifu, na picha haipotezi ubora hata chembe.

Ila kuna sharti, na hapa nataka uwe makini: vipande vyote lazima viwe vya namna moja. Kodeki moja (yaani namna ya kubana video), upana na kimo kimoja, idadi moja ya fremu, yaani picha tuli, kwa sekunde. Mwenzako wa Kampala akikuletea kipande cha fremu 25 na vyako ni vya 24, amri inaweza kupita bila kulalamika sana, halafu katikati ya katuni mwendo unaharibika, au picha inaganda. Usikisie. Kiulize kila kipande kwa ffprobe, inayokuja pamoja na ffmpeg:

```
ffprobe -v error -show_entries stream=codec_name,width,height,r_frame_rate,time_base -of compact kipande_03.mp4
```

Majibu yakitofautiana, kibane upya kile kimoja tu kilichoasi, vingine viache. Afadhali zaidi, kubalianeni kabla hata mchoro wa kwanza haujaanza kusogea. Sisi tunatumia 1280 kwa 720, fremu 24, na hatubishani tena.

Vipande vyenyewe vitoke wapi? Kama unatumia Blender, programu ya kutengenezea katuni, usirende moja kwa moja kuwa video. Renda picha za PNG (aina ya faili la picha tuli), fremu moja faili moja. Katuni ya dakika mbili kwa fremu 24 ni picha 2,880. Umeme ukikatika ukiwa kwenye ya 1,900, zile zilizotangulia zipo salama, unaendelea ulipofikia. Video iliyokatwa katikati mara nyingi haifunguki kabisa. Umeme ukirudi, ifute picha ya mwisho, maana huenda iliandikwa nusu. Pia hakikisha hakuna namba iliyorukwa, kwa sababu ffmpeg ikikuta pengo kwenye namba inaishia hapo. Kisha kila onyesho lifanye kipande:

```
ffmpeg -framerate 24 -i fremu_%04d.png -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p kipande_01.mp4
```

Usiache `-pix_fmt yuv420p`. Bila hiyo, video inayotokana na PNG inaweza kucheza vizuri kwenye kompyuta yako na kukataa kwenye simu za watazamaji, na watazamaji wetu wako kwenye simu.

Majina ya mafaili nayo yana mambo yake. Andika 01, 02, 03, si 1, 2, 3. La sivyo kompyuta ikipanga orodha, cha 10 kitatangulia cha 2. Na usiweke alama ya ritifaa kwenye jina. Kipande cha ng'ombe wa Ankole kiite ngombe.mp4, kwa sababu ndani ya orodha.txt ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga jina, na ffmpeg itakwenda kutafuta faili lisilokuwapo.

Sasa sauti, ambayo kwangu ndiyo sababu kubwa ya kufanya kazi namna hii. Usiipachike kwenye kila kipande. Sauti ya AAC, yaani iliyobanwa kwa namna inayotumika sana kwenye video za MP4, ikikatwa na kuungwa mara nyingi huacha mkwaruzo mdogo kwenye maungio, na mkwaruzo huo ukitokea katikati ya neno msikilizaji anatoka kwenye hadithi. Unganisha picha zikiwa bubu. Sauti ya kila lugha irekodi na kuichanganya ikiwa moja, tangu mwanzo hadi mwisho, kisha ivike juu:

```
ffmpeg -i katuni.mp4 -i sauti_kilugbara.wav -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a aac -movflags +faststart katuni_kilugbara.mp4
```

Hayo ya `+faststart` yanahamishia faharasa ya faili mwanzoni, ili video iwekwapo mtandaoni ianze kucheza kabla haijashuka yote. Mwenye bando dogo ataona mapema kama inamfaa.

Na ikiwa maelezo ya mhusika mmoja, tuseme mama mkunga, yanakuwa marefu zaidi kwa lugha moja kuliko nyingine? Usimharakishe msomaji wako wa sauti. Mwache aseme kama watu wanavyosema. Rudia kipande hicho kimoja kutoka kwenye PNG zake, ukiongeza `-vf tpad=stop_mode=clone:stop_duration=2`, na fremu ya mwisho itasimama sekunde mbili zaidi. Kiite kipande_04_refu.mp4. Tengeneza orodha_kilugbara.txt inayokitaja hicho badala ya kile kifupi, unganisha tena. Lugha nyingine hazijaguswa. Kwa hiyo kila lugha iwe na orodha yake, na orodha hizo zitunze pamoja na PNG. Katuni iliyokamilika unaweza kuitengeneza tena wakati wowote, lakini PNG zikipotea unarenda upya.

Kabla ya kutuma, icheze yote kwenye simu ya bei nafuu unayoweza kuazima, ukikaza macho kwenye maungio.