Modeli yangu inafiti, sapavaiza anakataa

SWALI: Hodi jamani. Niko masters, dodoso langu lina maswali 8 ya kujiamini kwenye hesabu, wamejaza wanafunzi 1200 wa shule 40. Nimeweka faktori (kitu kilichojificha kinachoyaunganisha maswali yote) moja levo ya mwanafunzi na moja levo ya shule, vipimo vya modeli kufiti data vikatoka vizuri, CFI imekuja 0.96 (ikikaribia 1 ni safi), RMSEA 0.03 (ikikaribia 0 ni safi), nikajua nimemaliza. Sapavaiza eti hizo namba hazisemi kitu kuhusu shule. Ananionea au?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Hakuonei mdogo wangu. Hizo namba zako zote zimetoka kwenye kai-skweya (namba ya modeli imepishana na data kiasi gani) moja ya modeli nzima, na hiyo imebebwa na wanafunzi, upande wao una uzito wa 1160 (1200 toa 40), shule ni 40 tu, sasa ukizijumlisha nani atasikika? Levo ya shule inaweza ikawa imeoza na CFI bado ikatoka safi.

Pima kila levo kivyake. Ukitaka kuijua ya shule, levo ya mwanafunzi iachie, yaani usiweke faktori, ruhusu maswali yote 8 yahusiane yenyewe kwa yenyewe, hapo haina tena pa kukosea so kosa linalobaki ni la shule. Kwenye lavaan (pakeji ya R ya modeli hizi) utaandika kovariansi 28, moja kwa kila jozi ya maswali, kwa mkono, inachosha lakini ndo hivyo. Njia hii waliieleza Ryu na West 2009. Afu unageuza upande wa pili.

Mtego sasa. RMSEA ya kwenye programu imegawiwa kwa wanafunzi 1200 wakati hapo sampuli yako ni shule 40. Tuseme kai-skweya ni 44, digrii huru (taarifa zinazobaki za kuipima modeli) 20. Kwa 1200 unapata 0.03, kwa 40 unapata 0.17. Data ileile! Kwa hiyo chukua kikokotoo: 44 toa 20, gawa kwa (20 mara 40), tafuta kipeuo cha pili. CFI nayo, modeli ya msingi unayolinganishia (ile inayosema maswali hayahusiani) iachie vilevile upande wa mwanafunzi.

SRMR (wastani wa tofauti kati ya uhusiano wa kwenye data na wa kwenye modeli) ndo ina nafuu, lavaan inakupa ya kila levo mbalimbali. Ila shule 40 ni chache, itayumba, na ile 0.08 ya Hu na Bentler, mpaka wa SRMR nzuri waliopendekeza, usiishike kama msahafu, 1999 hawakuwa wanapima data za levo mbili.

Halafu, tena hili ungeanza nalo, ICC (sehemu ya tofauti za majibu inayotokana na shule) za hayo maswali zikoje? Zikiwa 0.02 basi shule zako zinafanana mno, huko juu karibu hakuna cha kuwekea faktori. Turushie ukizipata.