Majivu ya Chetezo cha Meizhou

Ndugu wahariri, swali lenu la wiki hii limenigusa: jengo la kale likishavunjwa, urithi wake unabaki wapi? Najua wengi watajibu kwa Lamu na Kilwa, na wana haki. Mimi nitakwenda mbali zaidi, hadi kisiwa cha Meizhou katika mkoa wa Fujian, kusini-mashariki mwa China, nyumbani kwa Mazu, mungu wa kike wa mabaharia. Sijaona mahali pengine ambapo swali hili limejibiwa waziwazi namna ile.

Kwa mapokeo ya watu wa huko, mwaka 960 alizaliwa binti wa ukoo wa Lin, na kwa kuwa hakulia alipozaliwa akapewa jina Mo, yaani mkimya. Siku moja, akiwa kwenye mtambo wa kufumia, usingizi usio wa kawaida ulimchukua. Roho yake ilitoka ikaenda baharini, ambako baba yake na kaka zake walikuwa wamekumbwa na dhoruba, akawa anawashikilia wasizame. Mama alipomkuta ameinama kama aliyezimia, akamtikisa na kumwita. Binti akaitika, na kwa kuitika akamwachia mmoja. Wapo wanaosema aliyepotea ni kaka, wengine husema ni baba. Alifariki mwaka 987, hajaolewa, na wavuvi wakaanza kumwomba. Huyo ndiye Mazu.

Wafalme wa China nao hawakukaa nyuma. Msafara wa wajumbe waliokwenda Korea uliponusurika na tufani mwaka 1123, hekalu lake lilipewa bango la heshima kutoka kwa mfalme, na kutoka hapo akawa anapandishwa cheo enzi baada ya enzi hadi kuitwa Malkia wa Mbinguni. Lakini mabaharia wana la kwao. Husema ukipatwa na hatari usimwite kwa cheo hicho, maana itabidi kwanza avae mavazi ya kifalme na wasaidizi wake wajipange. Mwite Mazu tu, kama unavyomwita bibi wa nyumbani, atakuja mbio alivyo. Kwangu hadithi hii ina uzito kuliko vyeo vyote, kwa sababu inaonyesha ni nani hasa waliomtunza karne zote hizo.

Walimtunza kwa kugawana. Watu wa Fujian walipohama kwenda Taiwan na nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, walichota majivu kwenye chetezo cha hekalu la kwao, wakayabeba chomboni, na walikofika wakayatia katika chetezo kipya. Hekalu jipya likahesabiwa kuwa binti wa lile la kwanza, na kila baada ya muda sanamu yake hupelekwa kwa mama, ipitishwe juu ya moshi wa chetezo cha asili. Nimesimama mbele ya hekalu lake la Thian Hock Keng, mtaa wa Telok Ayer, Singapore, lililojengwa kati ya 1839 na 1842. Zamani ufuo ulikuwa mbele yake, na mhamiaji akishuka tu huenda kushukuru kwamba amefika salama. Sasa bahari imefukiwa, kumejaa majengo marefu, na watu bado wanavuka kile kizingiti kilichoinuliwa cha mlangoni na vijiti vya udi mkononi.

Kisha China ikaingia katika Mapinduzi ya Utamaduni (1966–1976), kampeni ya Mao ya kufuta mambo ya kale, na hekalu la Meizhou likabomolewa. Hapo ndipo penye jibu la swali lenu. Wanakisiwa walianza kulijenga upya mwishoni mwa miaka ya 1970, tena si peke yao. Mwaka 1987, miaka 1,000 baada ya kifo chake, mahujaji wa hekalu la Dajia, Taiwan, walikwenda Meizhou kwa kuzungukia Japani, kwa sababu njia ya moja kwa moja ilikuwa imefungwa kwa siasa za China na Taiwan. Mabinti walikuwa hai, wakaja kumtazama mama.

Hao watu wa Dajia, kila mwaka katika mwezi wa tatu wa kalenda ya mwezi, huitoa sanamu ya Mazu hekaluni ikiwa juu ya machela na kuitembeza siku 9 mchana na usiku, zaidi ya kilomita 300. Njiani watu hujipanga katikati ya barabara kwa mstari mrefu, kisha hulala kifudifudi juu ya lami, kichwa cha huyu miguuni pa yule, machela ipite juu yao. Wamo wazee, wamo wagonjwa, na kina mama waliobeba nguo ya mtoto aliye hospitali. Wenye nyumba kando ya njia hupika na kugawa chakula bure kwa yeyote anayepita. UNESCO ilipoiingiza imani hii na desturi zake katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2009, naona ilipatia: iliyaandika matendo ya watu, si majengo.

Na sisi wa pwani tumo. Mwaka 1431 amiri Zheng He, mkuu wa misafara ya baharini ya China na mtoto wa nyumba ya Kiislamu kutoka Yunnan, alisimamisha jiwe la maandishi huko Changle, Fujian, kumshukuru Mazu. Limeandikwa kwamba usiku wa dhoruba ulionekana mwanga mlingotini, na hatari ikatulia. Jiwe hilohilo linataja zawadi zilizopelekwa China: Mogadishu iliyotoa punda milia na simba, na Barawa iliyotoa ngamia na mbuni. Barawa, mji wa pwani ya Somalia, wa watu wanaosema Kiswahili chao cha Chimwiini! Magazeti yetu kila yakimtaja Zheng He huishia kwenye twiga wa Malindi aliyepelekwa China. Naomba ninyi wahariri mtafute mtu anayejua Kichina cha kale, ili atafsiri maandishi yote ya jiwe la Changle kwa Kiswahili, nanyi myachapishe.